Uso wa mkeo unaochoma: inaweza ikawa rosasea, siyo chunusi

Mkuu nimekusoma. Shemeji ana miaka thelathini na kitu, mashavu yanawaka moto kila jioni, vipele vimejaa katikati ya uso, famasi wakampa tyubu ikasafisha uso ndani ya wiki, alivyoacha tu vikarudi vingi kuliko mwanzo. Mimi siyo daktari, ni mpishi, ila huu ugonjwa ninao na nimeishi nao miaka, kwa hiyo nakupa ninachokijua, kuthibitisha ni kazi ya daktari wa ngozi.

Unachoelezea kinafanana sana na rosasea. Mishipa midogo ya damu ya usoni inatanuka kirahisi na ngozi inakaa imewaka tu, inatulia, inaamka tena. Haiambukizi, taulo mtumie moja haina shida. Kinachotuchanganya sisi weusi ni kwamba ukisoma popote wanakwambia uso unakuwa mwekundu, na picha zote ni za wazungu, sasa shemeji akijiangalia kwenye kioo haoni wekundu wowote anasema basi siyo hiyo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unajificha, unaweza ukaona tu weusi umezidi au kama zambarau kwa mbali. Usitafute kwa macho, tafuta kwa mkono: akisema panachoma weka mgongo wa kiganja shavuni, halafu shingoni, mara nyingi utasikia tofauti ya joto. Halafu msogeze dirishani mchana uangalie vipele vyenyewe. Chunusi za kawaida huwa na vile vichwa vyeusi na vyeupe vya kukamua, rosasea haina hivyo, ni vipele vidogo vigumu, vingine na usaha, vimekaa mashavuni, puani, kidevuni na kwenye paji la uso. Ila mtu anaweza akawa na vyote viwili kwa pamoja, ndio maana nasema daktari.

Sasa hiyo tyubu. Isome ubavuni kwa maandishi madogo, kama kuna jina kama betamethasone au clobetasol hiyo ni steroidi, na hizi krimu za kuchanganya za kung'arisha uso nyingi zinawekewa steroidi hiyo hiyo bila kuandikwa. Steroidi inabana mishipa na kuzima uvimbe haraka ndio maana mnaona maajabu wiki ya kwanza, ila usoni ikitumika muda inapunguza unene wa ngozi na yenyewe inaweza kuleta rosasea hata kwa ambaye hakuwa nayo. Akiacha uso unalipuka, anaogopa, anarudia, na anayeuza anaendelea kuuza. Huo mlipuko wa kuacha unaweza kwenda wiki kadhaa, ni mbaya kwa kweli, kama ameitumia muda mrefu asikatishe kienyeji, daktari atampangia namna ya kushuka na kitu cha kumtuliza.

Upande wa vichochezi kila mtu na chake. Orodha ya kawaida ni jua, joto, chai ya moto, pilipili, pombe, upepo, stresi. Mimi pilipili nakula hadi kesho hainifanyi kitu, adui yangu ni mvuke. Ukifunua sufuria la wali la watu mia ule mvuke unakupiga wote usoni, baada ya dakika chache mashavu yanaanza kudunda kama yana moyo wake. Siku hizi nafunua mfuniko ukiwa umeelekea mbele, yaani upande wa mbali ndio unainuka kwanza, mvuke unatokea kule, mimi nimegeuza uso. Kitambaa chenye maji baridi shingoni, kipande cha barafu mdomoni nikiona joto linapanda, feni nimemwomba bosi akahamishia upande wangu. Chai nasubiri ipoe. Shemeji naye aandike kwenye simu alikula nini alikuwa wapi kila uso ukiwaka, baada ya muda ataona mchezo ulipo. Na pombe, mimi sinywi kabisa ila pua ilivyoanza kuvimba mtaani nilishaitwa mlevi, nikazoea. Pombe inachochea kwa wengi lakini siyo lazima iwe chanzo.

Usoni apunguze vitu. Limao, dawa ya meno juu ya kipele, spiriti, sabuni kali za chunusi, skrabu, vyote aweke pembeni. Anawe na kitu laini kisicho na manukato, maji yasiwe ya moto, apake mafuta mepesi, na sanskrini (krimu ya kukinga jua) yenye kipimo cha kinga SPF 30 kwenda juu hata siku ya mawingu. Zile za zinki huwa hazichomi sana ila kwetu zinaacha uso kama umepakwa majivu, zipo zenye rangi ya ngozi, atafute hizo.

Dawa nilizoandikiwa mimi: krimu ya metronidazoli, ndiyo ni ile ile ya kwenye Flagyl ya tumbo ila hii ya kupaka, pamoja na doksisaiklini vidonge. Wengine wanapewa asidi ya azelaiki, ambayo inasaidia na yale madoa meusi yanayobaki, au krimu ya ivermektini. Zote ni za subira, hesabu miezi miwili mitatu ndio uone, na kupona moja kwa moja hakuna, kuna kutulia. Doksisaiklini anywe na maji glasi nzima asilale papo hapo maana inaunguza koo, inafanya ngozi isipatane na jua, na kama ana mimba au mnatafuta mtoto amwambie daktari kabla ya kupewa chochote.

Hujasema kuhusu macho. Muulize kama yanawasha, yanakauka, anahisi kama yana mchanga ndani, au kope zinavimba vimba. Rosasea inaingia hadi huko, na akianza kuona ukungu au mwanga unamuumiza hiyo siyo ya kusubiri. Pia kama ana maumivu ya viungo, homa, uchovu, aseme, kwa sababu lupasi, ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, nayo inakaa mashavuni hivyo hivyo na ni habari nyingine kabisa.

Kama mpo kaskazini mwa Tanzania, hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992. Popote mtakapoenda mbebe tyubu zote alizotumia na maboksi yake, hata ile ya kuchanganya isiyo na jina, na siku hiyo asipake poda.