Jaribio kigeugeu libane mpaka lishindwe

Ukianza kuchangia Node.js, programu huria inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari, hutakaa sana kabla ya kukutana na jaribio linalofaulu asubuhi na kushindwa jioni, na msimbo hakuna aliyeugusa. Wengi hubofya kitufe cha kurudia, kijani kikitokea wanaendelea na mambo yao. Mimi nashauri kinyume chake. Usihangaike kulifanya lifaulu. Hangaika kwanza kulifanya lishindwe kila unapotaka. Likishakutii hapo, limebaki hitilafu ya kawaida, na hitilafu za kawaida tunazijua kuzitengeneza.

Kwenye laptopu yako, likiendeshwa peke yake, huenda likafaulu siku nzima. Mashine zinazokagua mabadiliko ya Node.js ni za aina nyingi, Linux, Windows, macOS na hata AIX, na nyingine huwa zimelemewa na kazi. Basi nawe ilemee ya kwako: `tools/test.py -j 64 --repeat 1000` halafu jina la jaribio. Nakala 64 zitagombania kichakataji kwa wakati mmoja, na kilichojificha kitaanza kujitokeza.

Chukua jaribio la aina hii, ambalo nimelikuta katika sura nyingi. Mteja anaandika kwenye soketi, yaani ncha ya muunganisho wa mtandao, mara mbili, `habari` kisha `dunia`. Upande wa seva, msimbo unahesabu matukio ya `data` na kudai yawe mawili. Mashine ikiwa na nafasi, yanakuwa mawili kweli. Ikilemewa, seva inapokea `habaridunia` kwa mkupuo mmoja na jaribio linaanguka. Seva haina kosa. TCP, itifaki inayobeba data hiyo, ni mkondo wa baiti, haijui ujumbe wako wa kwanza uliishia wapi. Utaona mtu ameweka `setTimeout` ya milisekunde 100 katikati ya maandishi hayo mawili. Hapo kosa limepunguzwa kasi tu, litarudi. Dawa ni kukusanya vipande vyote mpaka tukio la `end`, kisha ulinganishe jumla yake.

Kwa kweli kila ninapoona `setTimeout` ndani ya jaribio lisilohusu muda, hapo ndipo naanzia. `setTimeout` haikuahidi kwamba fanksheni yako itaitwa kwa wakati uleule ulioutaja. Mzunguko wa matukio ukiwa na shughuli nyingine, itasubiri. Mwandishi alikuwa anangoja kitu fulani kitokee. Kitafute kitu hicho, usikilize tukio lake, na fanksheni inayolipokea uifunge kwa `common.mustCall()`, ambayo hulifelisha jaribio fanksheni hiyo isipoitwa. Bila `mustCall`, fanksheni isipoitwa kabisa jaribio linaweza kumalizika kwa amani huku halijakagua chochote, na hilo naliogopa kuliko linaloshindwa.

Poti nazo, yaani namba ambazo seva husikilizia miunganisho. Majaribio ya `test/parallel` huendeshwa kwa pamoja, kwa hiyo namba ya poti iliyoandikwa moja kwa moja itagongana na ya jirani. Andika `listen(0)`, mfumo wa uendeshaji uchague, kisha usome `server.address().port`.

Kuna faili la `parallel.status` ambamo jaribio huweza kuandikwa `PASS, FLAKY` ili lisizuie kazi za wengine. Litumie pale wengine wanapokwama, lakini fungua na taarifa ya tatizo siku hiyohiyo. Wakati mwingine jaribio liko sawa na kosa limo ndani ya Node.js yenyewe, kwa hiyo ukilinyamazisha umemnyamazisha shahidi pekee uliyekuwa naye.

Ukituma marekebisho, weka matokeo ya amri ileile kabla na baada ya badiliko, kwa mzigo uleule. Mkaguzi hatahitaji kukuamini kwa maneno. Na kama hujui uanzie wapi, hazina ya `nodejs/reliability` kule GitHub hukusanya ripoti za majaribio yanayoshindwa. Tafuta jina linalojirudia kwenye ripoti kadhaa, kisha ulipeleke kwenye `--repeat`.