Chuma cha pajani hakishiki kutu baharini

Juzi dada mmoja ameniandikia inboksi. Mumewe alianguka na bodaboda, akawekewa chuma cha paja, mshono umeshafunga, na mtaalamu wa fiziotherapia amemshauri aanze mazoezi ya majini. Mama mkwe kakataa katakata, anasema maji ya chumvi yataozesha chuma. "Dada, wewe uliingia na chuma chako. Nimjibu nini?"

Mwambie hivi. Chuma cha mfupa hutengenezwa kwa titani au kwa chuma kisichoshika kutu, tena kimefunikwa na nyama na ngozi. Ngozi ikishaziba, bahari haina njia ya kukifikia. Cha kuogopa ni kidonda kibichi. Kama panatoa majimaji, kama nyuzi hazijatolewa, kama ana homa, asiingie. Mwenye kifafa kisichotulia au moyo ulioshindwa kazi naye angoje ruhusa ya daktari.

Mimi niligongwa na gari nikivuka barabara hapa Tanga. Upasuaji ulikwenda vizuri, namshukuru Mungu, ila baada ya hapo nilipewa magongo na karatasi ya mazoezi, basi. Kazini walinivumilia kidogo, kisha wakaajiri mtu mwingine bila hata kunipigia simu. Mpaka leo nikipita pale moyo unauma. Aliyeniinua ni kijana mmoja wa fiziotherapia aliyeniuliza, "Mama, bahari unayo mlangoni, unangoja nini?"

Nchi kavu nilikuwa nakanyagia ncha za vidole, kisigino kinaogopa. Siku nilipoingia, maji yalipofika kifuani, kisigino kilitua chenyewe. Mchanga ukapenya katikati ya vidole, nikangoja ule moto wa paja, haukuja. Nikapiga hatua, nikapiga nyingine, nikaanza kulia palepale, watoto wanaoogelea wananitazama.

Si muujiza. Maji yanakubeba. Yakifika kiunoni, miguu inabeba karibu nusu tu ya uzito wako. Yakifika kifuani, kama theluthi. Shingoni, karibu sehemu moja ya kumi. Mtu wa kilo 80 aliyezama hadi kifuani anakanyaga kama mtoto wa kilo 27 hivi. Wakati huohuo maji yanaukandamiza mguu pande zote, uvimbe unapungua. Nayo yana adabu yake: ukisogeza mguu taratibu yanakupisha, ukiharakisha yanakubania, hivyo misuli inapata kazi bila kubeba chuma cha jimu.

Franklin Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alipooza miguu mwaka 1921. Mwaka 1924 akaenda kwenye chemchemi za maji moto za Warm Springs, Georgia, na mwaka 1926 akapanunua kabisa, pakawa kituo cha wagonjwa wa polio. Hakurudi kutembea bila msaada. Namtaja kwa sababu kuna watu watakuuzia maji kama dawa ya kila kitu. Maji hayafufui neva iliyokufa. Yanaupa nafasi mguu unaoweza kupona.

Sasa ya kufanya. Kwanza, daktari aseme mguu unaruhusiwa kubeba uzito kiasi gani. Nenda na mtu mzima anayejua kuogelea, asikuache hata kwa dakika. Chagua maji yaliyotulia. Wakati wa kusi usishindane na mawimbi. Akina dada, msiingie na dera. Likilowa linazinga miguu na kukuangusha. Vaa skintaiti na fulana ndefu. Na hospitali ikiwa na bwawa la tiba, lenye joto la nyuzi 33 hadi 36, hilo ni bora kuliko bahari.

Kutoka ndiko kugumu. Kila hatua kuelekea ufukweni uzito unakurudia, na mguu uliokuwa mwepesi unakuwa kama gogo. Magongo yaletwe yakukute ndani, maji yakiwa mapajani, usiyafuate mchangani.

Na aibu iache nyumbani. Mimi nilisemwa sana, eti mama mtu mzima anachezea maji asubuhi yote. Waliosema hawakuwahi kunisaidia kupanda ngazi, leo napanda mwenyewe, na ndoo mkononi. Ndugu zangu, mwili ni amana. Ukiambiwa fanya mazoezi, fanya, hata mtaa mzima ukucheke.

Mumeo aanze kifuani, akizoea asogee kiunoni, halafu magotini. Akitembea maji ya kiunoni bila kuchechemea, amwulize mtaalamu kama aache gongo moja. Linalobaki alishike kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Wengi hulishika upande wa mguu mbovu, ndiyo maana wanayumba.