Vijipicha vimepotea, mafaili hayajaharibika: usikubali kupigiwa window tena

SWALI: Kaka, habari za kazi. Natengeneza kadi za harusi, fulana na mabango hapa Mnazi Mmoja. Majuzi fundi alinitoa Windows 10 akanipigia Windows 11. Tangu hapo, kwenye folda zangu naona alama ya programu tu juu ya mafaili ya PSD (ya Photoshop), AI (ya Illustrator) na CDR (ya CorelDRAW). Ile picha ndogo ya kuonesha kilichomo ndani haipo. Kazi zangu za miaka zimeitwa "kadi mpya", "kadi mpya 2", "kadi ya mwisho kabisa", kwa hiyo inabidi nifungue moja moja huku mteja amesimama. Fundi anasema mafaili yameharibika, tufomati upya. Kijana mmoja wa Kariakoo anasema nishushe kodeki mtandaoni, yaani programu ndogo ya kuiwezesha Windows kusoma mafaili hayo. Nifuate lipi?
Dezaina, Mnazi Mmoja

JIBU: Dada yangu, usifuate hata moja. Umesema mwenyewe kwamba unayafungua moja moja. Kama yanafunguka, yameharibikaje? Fundi anayetamka kwamba mafaili ni mabovu bila kulifungua hata moja hajapima chochote, na dawa aliyokuandikia ndiyo inayoweza kukupotezea kazi za miaka. Swali hili naletewa mara kwa mara na wenzako wa uchapaji, na kinachoniumiza ni kwamba wengine wananifikia wakiwa wameshafomatiwa, diski imefutwa, na vijipicha bado havipo.

Kijipicha hakipimi uzima wa faili. Kibao cha duka kikidondoka, mali iliyo ndani haijaibiwa. Kinachochora kijipicha ni kipande kidogo cha programu kinachojiunga na File Explorer, lile dirisha la Windows la kufungulia folda, na kuifundisha kusoma aina fulani ya faili. Kwa JPG na PNG, Windows inacho chake. Kwa PSD, AI na CDR haina. Inategemea kipande kilicholetwa na programu nyingine. Kompyuta yako ya zamani ilikuwa na vipande hivyo, iwe unajua nani aliviweka au hujui. Fundi alipofuta diski na kupiga Windows upya, vikaondoka pamoja na kila kitu. Hakuna zaidi ya hapo.

Anza na jaribio moja: fungua folda yenye picha za kawaida za JPG, mwonekano ukiwa wa alama kubwa. Kama nazo hazioneshi picha, tatizo ni mpangilio wa Windows. Bonyeza nukta tatu juu ya File Explorer, ingia kwenye machaguo, kisha ukurasa wa mwonekano. Utakuta kisanduku kinachoiamuru Windows ioneshe alama siku zote na isioneshe vijipicha kamwe. Kiondolee tiki. Mafundi wengi hukiweka ili mashine "iwe nyepesi", halafu hawamwambii mwenye mashine.

Kama JPG zinaonekana na hizo tatu hazionekani, ambayo nadhani ndiyo hali yako, mpangilio hauna kosa.

CDR ndiyo rahisi. Tangu toleo la X4, faili la CorelDRAW hubeba kijipicha chake ndani, na CorelDRAW ikisakinishwa kikamilifu huleta kipande cha kukionesha. Nenda kwenye orodha ya programu zilizosakinishwa, chagua CorelDRAW, kisha chagua kuikarabati. Angalia pia umri wa Corel yako. Windows 10 ilikuwepo ya biti 32 na ya biti 64, lakini Windows 11 ni ya biti 64 tu, na File Explorer yake haipakii kipande cha biti 32. Corel yenyewe ilianza kuwa ya biti 64 kwenye toleo la X6, mwaka 2012, kwa hiyo ya kabla ya hapo huenda isioneshe vijipicha. Na kama uliyowekewa ni ile Corel ya kubebwa kwenye fleshi, inayofunguka bila kusakinishwa, usihangaike nayo: haijajiandikisha popote ndani ya Windows, kwa hiyo File Explorer haijui kama ipo.

Kwa PSD na AI, tumia Adobe Bridge, programu ya kupitia mafaili bila kuyafungua. Ni bure, unahitaji akaunti ya Adobe tu, na inaonesha aina zote mbili kwa ukubwa unaoutaka. Lakini faili la AI lazima liwe limehifadhiwa na tiki ya kulifanya lisomeke kama PDF, maana programu nyingi za kuonesha vijipicha husoma ile sehemu ya PDF iliyomo ndani. Wapo wanaoitoa tiki hiyo ili faili liwe dogo, kisha wanashangaa. Upande wa Photoshop, kwenye mipangilio ya kushughulikia mafaili, chagua kuhifadhi kijipicha kila mara na kuongeza upatanifu na programu nyingine. Mafaili ya zamani yatahitaji kufunguliwa na kuhifadhiwa tena. Fanya hivyo kwa yale ya wateja wanaorudi.

Ukishakarabati, futa vijipicha vya zamani ambavyo Windows imevihifadhi, ili ivichore upya. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi, mafaili ya muda, uweke tiki kwenye vijipicha peke yake. Soma orodha ile kwa makini, kwa sababu folda ya vitu ulivyopakua nayo imo, na najua picha za maharusi ulizotumiwa ziko humo.

Sasa hiyo kodeki. Mtu akikuambia "shusha kodeki ya PSD", muulize imetengenezwa na nani na anaipakua wapi. Mara nyingi atafungua ukurasa wenye vitufe vitano vya kupakua, na faili litakalokuja litakutaka uzime kwanza antivairasi. Hapo simama. Viendelezi halali vya vijipicha vipo, na vinatoka kwenye tovuti za wenyewe walioviunda. Hakuna hata kimoja kinachohitaji ulinzi uzimwe.

Wanaokutaka uuzime ni walewale wanaosambaza kraki, yaani programu za kulipia zilizovunjwa ulinzi wa leseni, na humo ndimo kilimopita kirusi kiitwacho STOP, au Djvu. Hiki hakifichi kijipicha, kinalifunga faili lenyewe. Utakijua kwa sababu jina la faili hubadilika: "kadi mpya.cdr" inaongezewa mkia mwingine wa herufi, na kwenye folda linatokea faili la maandishi liitwalo _readme.txt, linalodai dola 980, au 490 ukiwahi ndani ya saa 72. Mwaka 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa zana ya bure ya kufungua matoleo mengi ya kirusi hicho, lakini faili likiwa limefungwa kwa ufunguo uliotoka kwenye seva ya wahalifu, zana hiyo hailifungui. Angalia majina ya mafaili yako leo. Kama hayajaongezewa mkia huo, kirusi hiki hakijakugusa.

Hili nawaambia na wengine wote wenye maduka ya uchapaji hapa mjini. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mafundi wanapita duka kwa duka kupiga Windows 11 pamoja na Photoshop na Corel za kraki, kifurushi kimoja, bei moja. Mwenye duka anaona amepata nafuu. Fundi anayezima antivairasi kwenye mashine yenye kazi za wateja, akaondoka bila kuiwasha, amekuachia mlango wazi, na siku kirusi kikiingia simu yake haitapokelewa.

Kwa hiyo, kabla fundi yeyote hajaigusa tena mashine yako, nunua diski ya nje, nakili folda zote za kazi, kisha ipeleke kwenye kompyuta nyingine ufungue mafaili machache ya kila aina mpaka uone kadi zenyewe kwenye kioo. Ukimaliza ichomoe, uiweke nyumbani, siyo dukani.