Unatafuta majina yanayofanana, au DNA? Anza na makosa yenyewe

Watu wengi wakipewa orodha mbili za majina waziunganishe wanakimbilia intaneti, wanachukua programu ya Levenshtein (inayohesabu maneno mawili yanatofautiana kwa herufi ngapi), wanaweka kikomo cha tofauti ya herufi 2 af wanaiacha kompyuta iendelee. Mi nimekaa sana na rejista za wagonjwa zilizochapwa na makarani tofauti tofauti, na ushauri wangu ni kwamba kabla hujagusa algorithimu yoyote soma hayo majina kwa macho yako uone yanakosewaje.

Chukua Muhammad na Mohamed. Levenshtein, yule mwanahisabati wa Urusi, mwaka 1965 alisema hesabu herufi za kubadili, kuongeza au kufuta mpaka neno moja liwe lingine. Hapa u inakuwa o, m moja inafutwa, a inakuwa e, jumla 3, na hiyo jumla ndo inaitwa umbali. Sasa weka Asha na Asia, unapata 1 tu! Yaani kompyuta inakwambia Asha na Asia wako karibu zaidi, wakati hao ni watu wawili kabisa na yule Muhammad anaweza kuwa mtu mmoja aliyeandikishwa sehemu mbili.

Kwa hiyo safisha kwanza, mm iwe m, aa iwe a, Hamisi na Hamis zihesabike kitu kimoja. Halafu usitoze bei moja kwa kila kosa: u na o, r na l, dh na z zikibadilishana toza kidogo, h ikigeuka i toza kamili. Na kama data imechapwa haraka haraka utakutana na Hmaisi, hapo Levenshtein anahesabu 2, njia ya mtafiti mwingine, Damerau, inahesabu 1 kwa sababu inajua vidole hupishana.

Kwenye DNA ni hivyo hivyo, ingawa herufi ni nne tu. A na G hubadilishana, C na T vilevile, mara nyingi zaidi kuliko A na C, na herufi zikipotea mara nyingi hupotea kadhaa kwa mpigo, ndo maana kufungua pengo (herufi ya kwanza kupotea) tunatoza ghali na kuliendeleza (zinazofuata) tunatoza rahisi (mtafiti Gotoh alionyesha 1982 jinsi ya kufanya hivyo bila kazi kuwa nzito). Lakini tafadhali usione tofauti ya herufi moja ukadhani ni mashine ya kusoma DNA imekosea, sikoseli inatokana na GAG kuwa GTG kwenye jini ya himoglobini, umbali 1, na mtu anaumwa maisha yake yote. Mashine husoma DNA vipande vipande, kwa hiyo angalia herufi hiyo imejirudia kwenye vipande vingapi kabla hujaitupa.

Shida nyingine ni kasi. Ili kupata umbali kompyuta inachora jedwali, kila herufi ya neno moja dhidi ya kila herufi ya lingine: Muhammad na Mohamed wanataka visanduku 56 (8 mara 7), hamna kitu. Jenomu ya binadamu, yaani DNA yake nzima, ina herufi kama bilioni 3, ukileta kipande cha herufi 150 ni visanduku bilioni 450, kwa kipande kimoja tu, na mashine inatoa mamilioni. Dawa yake naipenda sana: kama unakubali makosa 3, gawa kipande sehemu 4, lazima sehemu moja ibaki nzima bila kosa, basi tafuta hizo sehemu nzima nzima kwa faharasa (orodha ya kuonyesha kila sehemu iko wapi) na jedwali ulichore pale tu zilipoonekana. BLAST, programu ya 1990 ya kutafuta DNA zinazofanana, nayo inaanzia kwenye vineno vifupi vinavyolingana. Hata orodha kubwa ya majina inafaidika na mbinu hii.

Kikomo nacho kiende na urefu wa jina, kwa Ali au Asha herufi moja ni nyingi mno. Na zile jozi za katikati, ambazo si wazi, usiiachie programu iziunganishe, zitoe pembeni pamoja na tarehe ya kuzaliwa na kijiji, mpe mtu wa hapo hapo rejista ilipoandikwa azipitie. Mafaili ya wagonjwa wawili yakishachanganywa, mzio wa dawa wa mmoja unasomeka kwa mwingine, na daktari aliye mbele ya kompyuta hana namna ya kujua.