Mkufu una mhuri wa 750 na sumaku haiuvuti: je, ni dhahabu kweli?

SWALI: Nimerithi kwa marehemu bibi yangu mkufu mmoja na pete mbili. Mkufu una mhuri wa 750 kwenye kifungio chake, pete moja imeandikwa 14KP kwa ndani, na nyingine haina alama yoyote. Nimejaribu sumaku, nayo haikuvuta kitu isipokuwa kile kifungio. Nimevilaza katika siki usiku kucha, havikubadilika rangi. Hata hivyo mkufu huniachia weusi shingoni nikitoka jasho, na mtu mmoja ameniambia kwamba herufi P katika ile pete ni ushahidi kuwa imepakwa dhahabu tu. Nifanye nini ili nijue ukweli bila kuviharibu?

JIBU: Ndugu msomaji, majaribio uliyoyafanya si mabaya, ila umeyauliza swali yasiloweza kulijibu. Karibu kila jaribio la nyumbani linaweza kukuonyesha kwamba kito ni bandia, lakini ni machache mno yanayoweza kukuhakikishia kwamba ni dhahabu. Dhahabu haivutwi na sumaku, ni kweli. Lakini shaba nayo haivutwi, wala fedha, wala risasi, wala zinki, na hizo ndizo metali ambazo waghushi huzipenda zaidi. Sumaku ikiuvuta mwili wa kito, umekwisha kupata jibu lako, kwa sababu ndani yake mna chuma. Isipouvuta, bado uko pale pale ulipokuwa kabla hujaishika. Kuhusu kifungio kilichovutwa, usiingiwe na hofu: vifungio vingi vina springi ndogo ya chuma cha pua ndani yake, hata katika mikufu ambayo ni dhahabu halali, kwa kuwa dhahabu ni laini na springi yake isingedumu.

Siki nayo ni asidi dhaifu. Inaweza kuifubaza shaba iliyo wazi, lakini kito kilichopakwa dhahabu hakiionyeshi siki ile shaba. Kinaionyesha dhahabu iliyo juu, ambayo siki haiwezi kuifanya lolote. Hapa ndipo penye shina la suala zima. Kila unaposikia kipimo kipya, jiulize kwanza kinaona hadi kina gani. Tabaka la dhahabu linalowekwa kwa umeme mara nyingi halifiki hata mikromita 3, ilhali unywele wa binadamu una unene wa makumi ya mikromita. Kipimo kinachoishia kwenye tabaka hilo kitakuambia ukweli mtupu juu ya tabaka lenyewe, na hakitakuambia chochote juu ya kilicho chini yake.

Kuuma kwa meno na kuweka barafu juu ya kito nitavitaja kwa sababu tu najua utaambiwa uvijaribu. Risasi ni laini kuliko dhahabu nyingi za vito, kwa hiyo jino litaacha alama kwenye risasi pia. Barafu huyeyuka upesi juu ya dhahabu kwa kuwa dhahabu hupitisha joto vizuri, lakini fedha na shaba nyekundu hupitisha joto vizuri zaidi yake.

Tuje kwenye mihuri. Usafi wa dhahabu huhesabiwa kwa karati, ambapo dhahabu tupu ni sehemu 24 kati ya 24, au kwa sehemu katika elfu. Namba 750 ina maana ya sehemu 750 za dhahabu katika 1,000, yaani karati 18. 585 ni karati 14, 916 ni karati 22, na 375 ni karati 9. Sehemu zinazobaki ni fedha, shaba, zinki, na katika dhahabu nyeupe ni paladi au nikeli. Ukikuta 925 kwenye kito cha rangi ya dhahabu, kito hicho ni fedha iliyovikwa dhahabu. Herufi GP, GEP au HGE hutangaza kwamba dhahabu ni ya kupakwa, na GF hutangaza kwamba ganda la dhahabu limegandamizwa juu ya metali nyingine; kwa mfano, alama ya 1/20 14K GF husema kwamba ganda la karati 14 ni sehemu moja ya ishirini ya uzito wa kito chote. Lakini P pekee inayofuata karati, kama katika pete yako, haimo katika kundi hilo. Ni kifupi cha neno la Kiingereza linalomaanisha kwamba karati imetimia sawasawa, yaani pete haikupungua kiwango kilichoandikwa. Aliyekuambia vinginevyo amefanya kosa ambalo nimelisikia hata kwa wauzaji, na nina hakika limewafanya watu wengi wauze pete nzuri kwa bei ya shaba.

Hayo yote ni maana ya mhuri, siyo ukweli wake. Chuma cha kupigia mhuri ni kifaa rahisi, na mkono unaoghushi kito hauoni ugumu kughushi namba. Zaidi ya hayo, mhuri ulio kwenye kifungio unakidhamini kifungio. Mikufu hukatika, vifungio hubadilishwa, na nimewahi kuletewa mkufu wa shaba iliyopakwa ukiwa na kifungio cha karati 18 ambacho ni dhahabu kweli kweli. Mwenye mkufu alikuwa amepimiwa kifungio tu, akaridhika. Tazama kama alama imerudiwa mahali pengine, hasa kwenye kipete cha mwisho cha upande wa pili. Kisha chukua kioo cha kukuzia uangalie pale pete za mkufu zinaposuguana, kwenye kingo, na upande wa ndani wa pete za vidole. Sehemu hizo huliwa kwanza. Ukiona rangi nyingine inachungulia, iwe wekundu au weupe, hakuna haja ya kuendelea.

Weusi wa shingoni si hukumu. Dhahabu yenyewe haichafui ngozi, lakini katika karati 18 robo ya uzito ni metali nyingine, na katika karati 14 ni zaidi ya asilimia 40. Fedha na shaba zilizomo hugusana na jasho na chumvi zake, hutoa weusi au ukijani. Poda na vipodozi vyenye chembechembe ngumu nazo husugua metali na kuitoa kama vumbi laini jeusi. Jambo hilo hutokea kwenye dhahabu halali, na hutokea zaidi kwenye shaba, kwa hiyo halimtetei wala halimtii hatiani yeyote.

Kipimo cha nyumbani ambacho kwa maoni yangu kina uzito wa hoja ni cha densiti, yaani gramu ngapi zimo katika sentimita moja ya ujazo, kwa sababu chenyewe hakiishii juujuu. Kinaupima mwili mzima. Dhahabu tupu ina densiti ya 19.3, risasi 11.3, fedha 10.5, shaba nyekundu karibu 9, na shaba ya manjano huwa kama 8.5. Karati 22 huangukia karibu na 17.8, karati 18 ya manjano kati ya 15 na 16, na karati 14 karibu na 13. Tofauti hizo ni kubwa kiasi kwamba tabaka jembamba la dhahabu haliwezi kuzificha.

Utahitaji mizani ya dijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Mizani ya jikoni inayoruka kwa gramu nzima haifai kitu hapa. Pima pete ikiwa kavu uandike uzito wake. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani, urudishe usomaji kwenye sifuri, ufunge pete kwa uzi mwembamba na kuishusha majini mpaka izame yote, ikining'inia bila kugusa kitako wala ukuta wa kikombe. Namba itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa na pete, na kwa kuwa sentimita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa gramu moja, namba hiyo ndiyo ujazo wa pete. Gawanya uzito wa kwanza kwa huo wa pili. Tuseme pete ni gramu 4.65 na maji yameonyesha 0.30, jibu ni 15.5, linaloafikiana na karati 18. Pete ya shaba ya manjano yenye ukubwa ule ule ingekuwa na uzito wa gramu 2.55 tu. Angalia pia kwamba kosa dogo la 0.01 katika usomaji wa maji lingekupa jibu lolote kati ya 15.0 na 16.0. Kwa hiyo rudia mara tatu au nne, na ujue kwamba vito vyepesi sana hupimika vibaya kwa njia hii.

Vipo vitu vitakavyoliharibu hesabu hilo bila kukuarifu. Viputo vya hewa vinavyoshikilia kwenye pete za mkufu hulishusha jibu. Tone la sabuni katika maji na kuutikisa mkufu taratibu husaidia. Kito chenye mawe hakipimiki hivyo, kwa kuwa mawe ni mepesi. Bangili au hereni zenye uwazi ndani zitaonekana kama bandia hata zikiwa za karati 22. Karati 9 nayo ina densiti isiyo mbali na ya fedha na risasi, hivyo jibu la karibu na 11 halikuthibitishii lolote. Metali pekee ya kawaida inayoigiza uzito wa dhahabu tupu ni tangisteni, yenye densiti ya 19.25, lakini ni ngumu na huyeyuka kwenye nyuzi za Selsiasi zaidi ya 3,400, kwa hiyo ni tishio zaidi kwenye vipande vinene vya dhahabu kuliko kwenye mkufu mwembamba wa pete nyingi.

Baada ya hapo kazi ni ya sonara. Njia ya kale, inayotumika mpaka leo, ni jiwe jeusi la kupimia: kito husuguliwa juu yake kikaacha mstari, na mstari hutiwa tone la asidi iliyoandaliwa kwa karati fulani. Mstari ukibaki, dhahabu imefikia kiwango hicho; ukififia au kutoweka, haikufikia. Sharti lake ni kwamba msuguo utoke chini ya ngozi ya kito, kwa hiyo sonara mwangalifu hukwangua kwanza kwa tupa mahali pasipoonekana. Tafadhali usinunue asidi hizo ukajaribu mwenyewe. Asidi ya nitriki huunguza ngozi na mvuke wake hudhuru mapafu.

Mashine ya eksirei haiachi hata mkwaruzo, na kwa dakika chache hutaja kila metali iliyopo na asilimia yake. Watu huiamini kupita kiasi. Mionzi yake inaona mikromita chache hadi makumi tu, hivyo ganda nene la dhahabu linaweza kuidanganya. Omba kito kipimwe mahali pengi, pakiwemo palipolika. Majibu ya mashine na ya densiti yakikubaliana, mimi binafsi huwa sina shaka tena, kwa kuwa moja limesoma ngozi na jingine limesoma mwili.

Kipimo cha mwisho kwa usahihi ni cha moto. Kipande kidogo hukatwa, huyeyushwa pamoja na risasi na fedha katika tanuri, risasi hubeba metali duni na kufyonzwa na kikombe maalumu, kisha fedha huondolewa kwa asidi ya nitriki na dhahabu inayobaki hupimwa. Maabara hukitegemea kuliko vyote, lakini kinakula sehemu ya kito, na kwa urithi wa bibi sioni sababu ya kukitumia.

Kwa vitu vyako, ningeanza na pete ya 14KP: ipime densiti, na ikiwa ni nzima bila jiwe, tarajia jibu lililo karibu na 13. Fanya vivyo hivyo kwa pete isiyo na alama, kwani kukosa mhuri si kosa. Mihuri hufutika kwa kuvaliwa, na hukatwa pete inapopunguzwa au kupanuliwa kidole. Mkufu ndio unaonitia mashaka kidogo, kwa sababu mhuri wake upo kwenye kifungio peke yake. Ukipata densiti iliyo chini ya 15 baada ya kuondoa viputo vyote, hakikisha kwanza kwamba pete zake hazina uwazi ndani. Kisha upeleke kwa sonara mwenye jiwe au mashine, simama naye anapopima, na umwombe apime pete ya katikati ya mkufu, mbali na kifungio na mbali na sehemu iliyotiwa lehemu.