Shajara: uandike daftarini au kwenye blogu? (jibu refu)

Assalaam alaikum dadangu, na wana jukwaa wote. Umeuliza mambo matatu: uandike kwa mkono au ufungue blogu, uandike nini ilhali siku zako zote zafanana, na ufanyeje mumeo asisome. Umesema pia una madaftari mawili uliyoyaacha katikati. Mimi niko Mji wa Kale wa Mombasa, upande wa Kibokoni. Naandika tangu 2011 na nina madaftari 19 ndani ya kasha la marehemu mama, kwa hivyo nitakujibu kwa niliyoyapitia.

Nianze na hilo la pili, maana ndilo linalowaangusha wengi. Daftari langu la kwanza limejaa "leo nimechoka" na "leo moyo mzito". Nikilifungua sasa silielewi. Moyo ulikuwa mzito kwa lipi? Nani alikuja, nani aliondoka? Hamna. La pili nililianza kwa shida nyingine kabisa: nilikuwa napika mahamri ya oda, nikawa naandika unga, sukari, nazi na nani hajalipa. Pembeni ya hesabu nikawa natia neno moja moja. "Nazi za Marikiti ndogo, tui jepesi." "Mama wa ghorofa ya juu kalipa nusu, macho mekundu, sikumuuliza." Daftari hilo la hesabu nikilisoma mpaka leo naiona siku yenyewe, nasikia na harufu ya iliki.

Ndiyo maana nakwambia andika vitu. Bei, chakula, upepo, jina la mtu, na neno alilolisema kama alivyolisema, usilinyooshe. Nakunakilia kipande kimoja upate picha. Mwakumbuka Serikali ilivyoufunga Mji wa Kale tarehe 6 Mei 2020 kwa sababu ya korona, hakuna kuingia wala kutoka. Kesho yake niliandika hivi:

"Alhamisi 7 Mei, Ramadhani. Siku ya kwanza ya kufungiwa. Saa tisa mama kakanda unga kama kawaida, mahamri arobaini. Nikamwambia, mama, nani atakula? Kasema: mkono umezowea arobaini, kumi haujui. Magharibi tumewashushia jirani kwa kikapu na kamba kutoka dirishani. Mtoto kapokea, kasema shukran mara tatu. Njiani paka tu."

Sikuandika kwamba niliogopa, na niliogopa sana. Lakini hofu yote imo mle, kwenye zile paka na ile kamba. Mama alifariki 2022. Mdogo wangu huapa kuwa mama siku ile alilia, nami kama si daftari ningemkubalia, maana hata kichwani mwangu picha ilishaanza kugeuka hivyo. Daftari lasema mama alikanda unga. Na lile neno la mkono kutojua kumi, wallahi lingepotea. Hakuna aliyelisikia ila mimi, na mimi nilikuwa nimeshalisahau.

Humo humo nilimwandika akisema chumvi ya mbaazi hutiwa mwisho. Leo wanangu wanapika mbaazi za bibi yao.

Usijilazimishe kila siku. Mistari mitatu baada ya Isha yatosha, na siku ukipitiwa usiilipe kama deni la saumu. Tarehe lakini usiiache. Mimi naandika mbili, ya kawaida na ya Hijria, na hili limenipa faida ambayo sikuitarajia. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hivyo Ramadhani husogea. Ya 2011 ilianza Agosti, nimeandika tulifuturu barazani upepo wa kusi ukizima kibatari. Ya 2024 ilianza Machi, joto la kaskazi halijatoka, na kila ukurasa ni maji ya baridi na madafu. Mwezi ni ule ule, nyumba ni ile ile, na maisha mawili tofauti. Bila tarehe zote mbili nisingeliona hilo.

Sasa daftari lenyewe, na hapa nisikilize vizuri kwa sababu hewa ya chumvi ya Mombasa haina huruma na karatasi. Usinunue daftari la pini. Pini hupata kutu, kutu ikala karatasi, kurasa za kati zikachomoka. Tafuta kaunta buku iliyoshonwa kwa uzi, jalada gumu. Kalamu iwe biro ya kawaida. Mvua za Mei mwaka mmoja paa letu lilivuja juu ya kasha, madaftari manne yakarowa. Yale ya biro yanasomeka mpaka leo. Moja niliandika kwa kalamu ya jeli kwa sababu nilipenda rangi yake, likawa doa la buluu kutoka jalada hadi jalada. Miezi minane ya maisha yangu imo mle na siwezi kusoma hata jina. Likirowa lako, usilianike juani, litajikunja. Tia karatasi za shashi kati ya kurasa, liweke chini ya feni, ubadilishe shashi kila zikinywa maji.

Kuhusu mumeo. Dadangu, kufuli sikushauri, kufuli humfanya mtu atake kujua. Bibi yangu alikuwa na kitabu kidogo cha madeni na tarehe za kuzaliwa watoto wa mtaa, Kiswahili kitupu lakini kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wetu hapa Mvita, yaani Mombasa. Tungo za Muyaka bin Haji, mshairi wetu wa zamani, nazo zimetufikia kwa njia hiyo. Muyaka alifariki mwaka 1840 hivi, alitunga mambo ya mji huu, vita, njaa na mapenzi, na tungo zake zilikaa vifuani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua, mwanachuoni wa hapa, alipokaa akaziandika kwa herufi hizo. Mimi mambo mazito nayaandika vivyo hivyo. Si kwamba mume wangu hawezi kuyasoma, naye alisoma chuo cha Qur'ani. Ila akikutana na ukurasa ule anajua hapo pana stara, na hufunga. Nilimwambia hivyo kwa mdomo wangu tulipooana. Nawe mwambie, usimwachie abahatishe.

Blogu nimewahi kuwa nayo, 2014 hadi 2016. Nilifurahi sana kusomwa, sitakuficha. Watu wa Lamu, wa Tanga, hata walioko Uarabuni waliniandikia wakisema nimewarudisha kwao. Lakini nilikosea jambo moja ambalo linaniuma mpaka sasa. Niliandika ugomvi uliotokea kwenye harusi ya kwetu, bila jina, nikadhani nimestiri. Nilitaja kanga aliyovaa shangazi na neno alilomtupia wifi yake. Mombasa nayo ndogo. Ndani ya siku mbili maandishi yalikuwa kwenye simu za watu, na shangazi akasomewa kwenye hitma, mbele ya wenziwe. Hakunisemesha mwaka mzima. Nilikwenda kumwomba radhi mara tatu. Mara ya tatu alinimiminia chai bila kusema neno, nikajua amenisamehe.

Tangu hapo kila kitu huanzia daftarini. Cha kutoa nje hukiacha kilale mwaka, na kama kina mtu ndani yake, namsomea kwanza yeye. Wengi hukubali, wengine hunisahihisha, na masahihisho yao huwa matamu kuliko nilichoandika. Blogu yenyewe niliipoteza, neno la siri nilisahau na anwani ya barua pepe niliyoifungulia ilikuwa ya kazi niliyoiacha. Kwa hivyo ukifungua yako, tumia anwani yako binafsi, na kila makala uichapishe kwenye karatasi uitie kashani pamoja na madaftari.

Hayo madaftari mawili usiyatupe wala usinunue jipya. Lifungue lile la mwisho, ukurasa uleule ulioishia, piga mstari, andika tarehe ya leo uendelee. Langu la 2016 lina pengo la miezi saba. Ukurasa wa kushoto ni Machi, nalalamikia joto na miguu kuvimba. Wa kulia ni Oktoba, mama kasimama mlangoni na maji ya moto, na mwanangu ana siku tisa.