Mota inanguruma lakini haizunguki

Pole ndugu. Unasema mota ya fezi tatu (inayolishwa na njia tatu za umeme) ya mashine yako ya kusaga inanguruma tu, na kijana wako huvuta mkanda kwa mkono ili izunguke. Mkataze leo hii, tafadhali! Ikishika ghafla, vidole vinaingia kwenye puli.

Hapo mara nyingi fezi moja imepotea, na mota ikiachwa hivyo inaungua haraka. Zima swichi kuu, ipige kufuli, ufunguo ukae nao wewe. Fundi ahakikishe kwa mita kwamba hakuna umeme, ndipo apime fyuzi zote tatu na kufungua kontakta, yaani swichi ya sumaku inayopitisha umeme wa mota kwa miguso yake. Niliyofungua mimi mwisho ilikuwa na mguso mmoja mweusi kama mkaa. Fyuzi ikikatika, usizibe kwa kipande cha waya.